Maktaba ya Mlimani na Masanduku ya Kwetu

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Ukunda mbele ya wakufunzi na wanafunzi wa vyuo vya ufundi, walimu, wazee na wakazi. Tunayachapisha kwa urefu wake ili na wale ambao hawakuweza kufika wayasome.



Nimeombwa nizungumze juu ya maktaba za vyuo. Ningeweza kusimama hapa nikawahubiria kwamba kusoma ni kuzuri. Hilo mnalijua, na hamkuacha shughuli zenu kuja kuambiwa mnalolijua. Nimeona afadhali niwasimulie maisha ya maktaba moja, tangu ilipoanza hadi leo, muongo baada ya muongo, tuone nini kiliinua, nini kiliangusha, na nini kilibaki.

Maktaba hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Najua kuna atakayeuliza, mbona Dar es Salaam na sisi tuko Ukunda? Nina sababu tatu. Kwanza, si mbali. Ukishika barabara ya Lunga Lunga, ukavuka Horohoro, ukapita Tanga, umeshaingia njia ya kwenda huko. Watu wetu wameifanya safari hiyo tangu mpaka haujachorwa, na Wadigo wako pande zote mbili. Pili, ndani ya maktaba ile yamehifadhiwa maandishi ya kale ya Kiswahili, ya pwani hii hii ambayo sisi ni sehemu yake. Tatu, sisi katika kaunti ndio tunaanza kujipangia maktaba zetu, na anayeanza hana budi kumuuliza aliyetangulia.

Neno langu la leo ni moja, na nitalisema mapema ili mwenye kuondoka aondoke nalo. Kitabu cha kununua, ukikikosa leo utakinunua mwakani. Maandishi ya kwenu yakipotea, hakuna duka utakakoyapata.

Chuo cha Mtaa wa Lumumba

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru tarehe 9 Desemba. Hakikuwa na majengo yake. Kilianzia katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, mjini. Wanafunzi hawakufika 20, na wote walisomea sheria. Mmoja wao, Julie Manning, baadaye alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanzania.

Kwa nini sheria? Kwa sababu wakati huo hapakuwa na kitivo cha sheria popote Afrika Mashariki. Mtoto wa Mombasa, wa Kampala au wa Tanga aliyetaka uwakili alilazimika kwenda Uingereza au India. Serikali mpya zilihitaji mahakimu na mawakili, na zilihitaji haraka. Kwa hiyo maktaba ya mwanzo ya chuo kile ilikuwa maktaba ya watu wenye kazi ya kufanya. Vitabu vyake vilikuwa vyenzo, kama vile nyundo na randa zilivyo vyenzo kwa fundi seremala.

Hapo pana funzo la kwanza kwa vyuo vyetu vya ufundi. Mara nyingi tunadhani maktaba ni ya watu wa vitabu peke yao, na kwamba anayejifunza umeme, ushonaji, upishi au ufundi wa magari hana haja nayo. Lakini fundi umeme asiyeweza kufungua kitabu cha kanuni za nyaya atafanya kazi kwa kukisia, na kukisia kwenye umeme ni hatari. Chuo cha Dar es Salaam hakikusubiri kuwa kikubwa ndipo kiwe na maktaba. Kilianza na wanafunzi wachache, katika jengo la kuazima, na vitabu vikiwepo.

Mwaka 1963 chuo kile kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kila kimoja kikawa na jambo lake, na sheria ikabaki Dar es Salaam. Ndiyo maana Wakenya wengi wa kizazi kile walisomea sheria huko, mpaka Nairobi ilipopata kitivo chake mwaka 1970. Jaji Mkuu wetu mstaafu, Willy Mutunga, ni mmoja wa waliosoma Dar es Salaam. Vitabu vilivyonunuliwa na nchi moja vilisomesha watoto wa nchi tatu.

Mlimani, na sheria ya kuweka nakala

Mwaka 1964 chuo kilihamia nje ya mji, kwenye kilima ambacho leo kila mtu anakiita Mlimani. Huko maktaba ikapata makao yake katikati ya chuo. Lakini kabla ya kuhama kulikuwa kumekwisha kufanyika jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko jengo. Mwaka 1962 Tanganyika ilitunga sheria iliyowataka wachapishaji wa nchi ile waweke nakala za machapisho yao katika maktaba ya chuo. Makerere walikuwa wametangulia, nao walipata sheria ya namna hiyo mwaka 1958.

Tazameni sheria hiyo inavyofanya kazi. Mtu anachapa kijitabu cha mafunzo ya kilimo, au hadithi za watoto, au historia ya kijiji chake. Nakala chache tu. Baada ya miaka 20 nakala zote zimechakaa, nyingine zimefungiwa karanga sokoni. Ile iliyowekwa maktabani ipo. Hakuna aliyejua wakati ule kama kijitabu kile kitakuwa na maana. Kazi ya kuamua hivyo huachiwa watakaokuja, na kazi ya maktaba ni kuhakikisha kwamba watakapokuja, watakikuta.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali, na maktaba ya aina hii ndiyo daftari la nchi.

Maandishi ya pwani yanakusanywa

Katika miaka hiyo hiyo ya 60 ndipo maktaba ya Mlimani ilipofanya jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja.

Mnajua kwamba Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kirumi kuzoeleka. Tenzi, mashairi, barua za biashara, wasia, hati za mashamba, dua, nasaba za koo, hesabu za majahazi: yote hayo yaliandikwa hivyo, kutoka Lamu na Pate kupitia Mombasa hadi Vanga, Tanga, Pemba na Unguja. Mengi hayakuchapwa kamwe. Yalikaa majumbani, ndani ya masanduku, mikononi mwa familia.

Mtaalamu mmoja wa Kiswahili, J. W. T. Allen, aliongoza kazi ya kuyatafuta na kuyakusanya kwa ajili ya maktaba ya chuo cha Dar es Salaam. Hakukusanya karatasi tu. Zilikusanywa pia kanda za sauti, kwa sababu utenzi huimbwa, na ukiwa na karatasi bila mahadhi una nusu ya kitu. Mwaka 1970 ilitolewa kama kitabu orodha ya maandishi na kanda hizo zilizomo katika maktaba ile. Orodha yenyewe ilichapwa Uholanzi, lakini vitu vilivyoorodheshwa vilibaki Afrika Mashariki. Mwanafunzi wa Kiafrika angeweza kwenda kuviona bila ya kupanda meli.

Nasema hivyo kwa sababu karatasi nyingi za kwetu zilipanda meli. Mwishoni mwa karne ya 19 aliishi Mombasa mmishonari aliyeitwa W. E. Taylor. Kwa msaada mkubwa wa msomi wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdalla, alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji na maandishi mengine mengi. Bila Mwalimu Sikujua huenda leo tusingekuwa na Muyaka, maana Muyaka alifariki karibu mwaka 1840 na mashairi yake mengi yalikuwa yamehifadhiwa vifuani mwa watu. Karatasi za Taylor leo ziko London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Diwani ya Muyaka ilipochapwa mwaka 1940, ilichapwa Johannesburg. Mshairi wa Mombasa, karatasi London, kitabu Afrika Kusini.

Simlaumu aliyeyahifadhi. Chuo kile kimeyatunza vizuri, na katika miaka hii kimeyapiga picha mengi na kuyaweka kwenye intaneti, ambako kijana wa Ukunda mwenye simu anaweza kuyaona. Ninachosema ni kwamba aliyekusanya ndiye mwenye kuulizwa. Anayetaka kujua habari za pwani huenda kubisha hodi kwake.

Na sisi wa kusini je?

Tuje Kwale sasa. Mwaka 1900 ofisa wa Kiingereza, A. C. Hollis, alichapisha historia ya Vumba, habari za madiwani wa Vumba Kuu na watu wa Wasini na Vanga. Ilitoka katika jarida la wataalamu huko London. Miaka ya 60 ilipoanza, mtafiti aliyeitwa Luther Gerlach alikuwa amemaliza tasnifu juu ya maisha ya Wadigo. Aliiandikia Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1975 William McKay aliandika tasnifu ndefu juu ya historia ya pwani ya kusini ya Kenya kabla ya ukoloni. Hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Boston, Marekani.

Watu hao walikuja hapa. Walikaa na wazee, wakapewa maji ya madafu, wakasimuliwa. Yaliyosimuliwa yalitoka vinywani mwa babu zetu. Sasa nawauliza: mwalimu wa historia wa Msambweni, leo, akitaka kumwonyesha mwanafunzi wake habari za Vumba Kuu au za Gazi, makao ya Mbaruk bin Rashid wa Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896, atampeleka kwenye rafu gani?

Msitu wa Kaya Kinondo, hapa jirani, umo katika kaya za Mijikenda zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Watalii huenda na kuambiwa. Ni jambo jema. Lakini elimu ya wazee wa kaya inakaa vichwani mwa watu ambao umri wao unajulikana. Waliokusanya kwa ajili ya Mlimani walifahamu miaka 60 iliyopita kwamba kinasa sauti ni chombo cha maktaba sawa na kitabu. Leo kila kijana hapa ana kinasa sauti mfukoni mwake.

Miaka ya njaa

Nisije nikawafanya mdhani kwamba Mlimani kila kitu kilikwenda vizuri. Mwaka 1970 chuo kikuu cha nchi tatu kilivunjika, kila nchi ikachukua chake, na Dar es Salaam kikawa chuo kikuu kamili cha Tanzania. Miaka ile ilikuwa ya moto wa fikra. Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha historia pale, na mwaka 1972 kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapwa, Tanzania Publishing House ikiwa mmoja wa wachapishaji. Wanafunzi walisoma, wakabishana, wakasoma tena.

Kisha mambo yakageuka. Bei ya mafuta ilipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 vikaanza vita na Idi Amin. Kufikia miaka ya 80 Tanzania ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Maktaba za vyuo vikuu ziliumia mapema, na si Tanzania peke yake. Vyuo vingi vya Afrika vilipitia hali hiyo hiyo.

Niwaeleze sababu. Kitabu unanunua mara moja. Jarida la kitaaluma unalipia kila mwaka, tena kwa dola au pauni. Mwaka ukikosa kulipa, matoleo ya mwaka huo hayaji. Mwaka ukifuata nao ukakosa, pengo linazidi. Daktari, mhandisi, mtaalamu wa kilimo anayefundisha kwa maarifa ya miaka kumi nyuma anawanyima wanafunzi wake, na hana la kufanya. Vyuo vingi vilianza kutegemea wafadhili wa nje kulipia majarida machache yaliyobaki. Mfadhili akibadili nia, rafu inanyamaza.

Uhaba nao huharibu tabia. Kitabu kikiwa kimoja na wanaokitaka ni 100, atatokea wa kukificha, atatokea wa kuchana kurasa anazozihitaji, na atatokea wa kuondoka nacho. Wakutubi wa Afrika nzima wanaijua habari hiyo. Dawa yake ni nakala za kutosha, daftari la kuazima linaloangaliwa kila siku, na mtu wa kulishika. Kufuli pekee halisaidii, maana maktaba iliyofungwa imekwisha kuibiwa yote kwa mkupuo mmoja.

Katika miaka hiyo ya njaa, kitu ambacho maktaba ya Mlimani iliendelea kuwa nacho, na ambacho London na Boston hawakuwa nacho, kilikuwa kile ilichokusanya kwao: vitabu vilivyowekwa kwa sheria, maandishi ya Kiswahili, kanda, magazeti ya nchi. Hivyo havikuhitaji dola. Mgeni aliyetaka kuvisoma alikata tiketi akaja Dar es Salaam.

Kompyuta na jengo jipya

Miaka ya 90 na mwanzo wa karne hii ilileta kompyuta na intaneti. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuzipa nchi maskini majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo kupitia intaneti, na mwaka uliofuata ukaja mpango kama huo wa kilimo. Pengo la majarida likaanza kuzibika. Orodha za vitabu zilizokuwa kwenye kadi ndogo ndani ya visanduku vya mbao zikahamia kwenye kompyuta.

Kisha likaja jengo. Tarehe 27 Novemba 2018 Rais John Magufuli alifungua maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China. Ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kuweka vitabu 800,000. Aliyeiona anajua kwamba ni jengo la fahari.

Lakini angalieni maneno yangu. Nimesema uwezo wa kuweka. Rafu si vitabu. Rafiki anaweza kukujengea nyumba. Hawezi kukuandikia historia yako wala kukulipia mkutubi milele. Ndiyo maana napenda kuwakumbusha msemo wa pwani: usiache mbachao kwa msala upitao. Maktaba mpya ile ina thamani zaidi kwa sababu chuo hakikuanzia pale. Kilikuwa na miaka 57 ya kukusanya nyuma yake.

Tuliyo nayo karibu

Pwani ya Kenya nayo si geni kwa maktaba. Mombasa ilikuwa na maktaba ya umma ya Seif bin Salim tangu mwaka 1903, kabla ya Nairobi kufungua McMillan mwaka 1931, ambayo kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Kuhusu vyuo, mnaifahamu MIOME, taasisi ya Waislamu iliyofungua milango Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 50 kwa ajili ya mafunzo ya ufundi. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya kiufundi ya Mombasa, baadaye ikawa Politekniki, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Wazee kadhaa wa Kwale walijifunzia ufundi wao pale. Chuo cha ufundi kinaweza kukua kikawa chuo kikuu. Basi chuo cha ufundi cha leo, kiwe cha Diani, Kinango au Lunga Lunga, kisijione kidogo mno kuwa na maktaba.

Kazi hii ni ya nani?

Katiba yetu ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, pamoja na makumbusho. Jedwali hilo hilo linazipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo maktaba ndani ya chuo cha ufundi ni jambo ambalo mwananchi wa Kwale anaweza kulidai hapa hapa, bila ya kuandika barua Nairobi.

Kudai kuna wakati wake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka mpango wa maendeleo wa kila mwaka uwasilishwe kwa Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Wengi wetu huenda tukaomba barabara, maji na zahanati, na ni haki yetu. Siku moja mmoja wetu aombe pia maktaba, na aombe kwa maneno yanayohesabika: chumba, rafu, mkutubi, na fungu la kila mwaka. Nimesisitiza la kila mwaka. Yaliyoipata Mlimani miaka ya 80 yanatuonyesha kwamba fedha za mara moja hufungua maktaba, na fedha za kila mwaka ndizo zinazoiweka hai.

Kuna atakayeniambia: watoto wanasomea chini ya mwembe, na wewe unataka mkutubi? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba chuo ambacho tayari kina wanafunzi 100 na mkufunzi mwenye kitabu kimoja hakijakamilika, hata kiwe na kuta nzuri. Basari inamfikisha kijana mlangoni. Anachokikuta ndani ndicho kitakachoamua kama ada ile imelipiwa elimu au imelipiwa kiti.

Sanduku la nyumbani

Mengine hayangojei bajeti. Yako mikononi mwetu, na nitayataja moja moja.

Kama nyumbani kwenu kuna karatasi za kale, za herufi za Kiarabu au za Kirumi, hati, barua, daftari la babu, vyuo vya madrasa vyenye maandishi pembezoni, usizitupe kwa sababu huwezi kuzisoma. Usiziuze kwa mgeni anayezisifia. Usizigandishe kwa plastiki wala kuzibandika utepe wa gundi, maana gundi hula karatasi. Maadui wa karatasi kwa pwani ni mchwa, mende, panya, unyevu na jua. Ziweke juu, mbali na ukuta wenye maji, ndani ya bahasha au kitambaa safi cha pamba, mahali hewa inapita. Usizifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Hutoa jasho na kuota ukungu.

Zipige picha kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila ya mwanga wa kamera, ukurasa mmoja mmoja. Andika kando, kwa penseli, kwenye karatasi nyingine: ni ya nani, ilitoka wapi, nani aliiandika kama anajulikana. Picha bila maelezo hayo, baada ya miaka 20 itakuwa fumbo. Weka picha mahali pawili, kwa sababu simu hupotea na huanguka baharini.

Kwa wazee wanaojua historia, nyimbo, dawa na mipaka ya mashamba, waombwe ruhusa, kisha warekodiwe. Ruhusa ni lazima. Kuna mambo ya kaya na ya ukoo ambayo si ya kutangazwa, na mwenyewe ndiye wa kusema lipi litoke na lipi libaki. Maktaba nzuri hutunza siri kama inavyotunza kitabu.

Kwa vyuo vyetu na shule zetu, anzeni na rafu moja. Iiteni rafu ya Kwale. Wekeni humo kila kilichoandikwa juu ya kaunti hii. Vyuo vikuu vyetu, Nairobi kikiwemo, vimeweka tasnifu nyingi kwenye intaneti, na humo kuna utafiti juu ya uvuvi, mikoko, minazi, utalii na lugha za pwani. Zipakueni, mzichape, mzifunge. Wekeni nakala ya kila mpango wa kaunti, kila ramani, na hata jarida hili. Kila mtafiti anayekuja kuuliza maswali vijijini kwetu aombwe, kabla hajaanza, kuahidi kwamba atarudisha nakala ya alichoandika. Hiyo itakuwa sheria yetu ndogo ya kuweka nakala, kama ile ya Tanganyika ya mwaka 1962, na haihitaji shilingi.

Rafu hiyo itakuwa na daftari, na daftari litakuwa na mtu. Pasipo na mtu anayejua kilichomo, anayekiazimisha na kukidai kirudi, hakuna maktaba. Pana stoo tu.

Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza katika jengo la chama mwaka 1961, hakuna aliyejua kwamba kitaunganishwa na vyuo vingine, kitatenganishwa, kitapita miaka ya ukata, kisha kitajengewa jumba la vitabu 800,000. Waliokuwepo walikusanya walichoweza kwa siku zao. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa siku zetu. Mwenye sanduku nyumbani, leo jioni alifungue, atazame mchwa hajafika.